Mbwa wa mlinzi: kisa cha Popi, Mzee K na nyumba nzuri iliyokataliwa

Majina nimebadilisha, mtaa sitaji, biashara sitaji, na vitu vidogo vya kumtambulisha mtu nimevitoa. Kisa ni cha Dar es Salaam. Nakiandika kwa ajili ya wenzangu wanaojitolea kuokoa mbwa, wanaofanya kazi kliniki za mifugo, na yeyote ambaye siku moja ataombwa aamue mbwa fulani wa mtaani aende wapi. Mimi nilikuwa upande wa kliniki, yaani huyu mbwa nilimshika kuanzia siku ya kwanza alipoletwa, na wahusika wote nimeongea nao, pamoja na mama wa mtoto aliyeng'atwa.

## Usuli

Ni godauni la vifaa vya ujenzi, geti la chuma, kibanda cha mlinzi cha mabati, nje barabara ya vumbi ambayo asubuhi inajaa watoto wa shule. Mlinzi wa usiku tumwite Mzee K, mtu wa Kondoa, hamsini na tano keshaipita, mshahara haufiki laki mbili kwa mwezi, mke na watoto wako kijijini. Anaingia shifti saa kumi na mbili jioni anatoka saa kumi na mbili asubuhi, na kulala analala chumba cha nyuma hukohuko godauni, kwahiyo maisha yake yote ya Dar yako ndani ya ile fensi.

Popi ni jike la kahawia lenye kifua cheupe. Alifika mwenyewe akiwa bado mdogo, kapigwa mawe, mguu wa nyuma umevimba. Mzee hakumwita wala hakumfukuza, alimwekea ukoko wa ugali pembeni ya tairi bovu lililokuwa pale getini, kesho yake tena ukoko na kichwa cha samaki, na ikaendelea hivo mpaka mbwa akawa analala upande wa ndani wa geti, na usiku mtu akisimama tu nje anabweka kabla Mzee hajasikia chochote.

Sasa hapa kuna jambo la kwetu pwani ambalo wengi wanaoandika habari za mbwa wanalikwepa. Mzee ni Muislamu na swala tano hazimpiti, bosi wake vilevile. Wengi wetu huku tunafuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, chombo akilamba kinaoshwa mara saba na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Bosi akaenda kumuuliza sheikh wa msikiti wa jirani, akajibiwa mbwa wa ulinzi inaruhusiwa kumfuga, cha msingi mlinde usafi wenu, na asinyanyaswe. Basi Mzee akajipanga. Bakuli la Popi la peke yake, kanzu ya kuswalia juu kabisa kwenye msumari, mswala unatandikwa upande wa kibanda ambao mbwa hakanyagi. Na fimbo hakutumia kumfundisha. Akishika mswala anasema "baki" na kuelekeza kidole kwenye lile tairi bovu, na hili nimeliona kwa macho yangu, Popi anaenda anajikunja ndani ya tairi, kidevu anakiweka juu ya ukingo, anamtazama mzee wake rakaa zote mpaka anapotoa salamu ya kulia, hajainuka, anatoa ya kushoto, ndio anainuka.

Kwa karatasi lakini Popi hakuwa na mwenyewe. Hana kadi ya chanjo, hana kola, bosi akiulizwa anasema mbwa ni wa mlinzi, mlinzi akiulizwa anasema mbwa ni wa godauni. Hiki kipengele kikae kichwani, mbele kitatusumbua.

## Damu

Kilichotuleta sisi ni damu. Karani wa godauni aliona matone kwenye sakafu kila Popi akipita, wenzake wakasema yuko kwenye joto itaisha, wiki zikapita haikuisha, akapiga picha akaituma kwa kikundi cha kujitolea. Wakaja wakamchukua wakamleta kliniki.

Ilikuwa TVT, uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa mbwa kwa mbwa, hasa kwa kupandana, na hata kwa kunusana na kulambana. Kinyama kinajichomoza kama koliflawa ndogo, kinavuja damu ukikigusa tu. Cha ajabu kwenye huu ugonjwa ni kwamba hakuna kirusi, kinachohama ni seli zenyewe za saratani, zinatoka kwenye mwili wa mbwa mmoja zinaota kwenye mwili wa mwingine, na wanasayansi wamefuatilia wakakuta chanzo ni mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Kwa mbwa wa mitaani wasiofungwa kizazi unaonekana sana. Habari njema unatibika vizuri mno kwa sindano ya vinkristini ya mshipani, mara moja kwa wiki, wengi wanapona ndani ya dozi nne mpaka sita. Habari ngumu ni kwamba dawa ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama, kwahiyo mbwa lazima atulie kabisa. Tena inashusha seli nyeupe za damu, inabidi upime kabla ya kila dozi.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa Popi alazwe kliniki mpaka amalize matibabu. Sababu zilikuwa za maana, usafiri ni shida, bajaji nyingi hazipakii mbwa, na akibaki mtaani atapandwa na ataambukiza wengine. Akalazwa. Siku ya kwanza hakula, ya pili hakula, sindano ya kwanza tulihitaji watu watatu kumshika na mshipa tulikaribia kuukosa. Daktari akasema aitwe yule mlinzi.

Mzee akaja asubuhi ametoka shifti, macho mekundu. Hakuongea na sisi sana. Akachuchumaa, akakibana kichwa cha Popi kwenye paja lake, kiganja akakiweka juu ya jicho la upande wa sindano, akaanza kumsemesha Kirangi polepole, na mbwa akashusha pumzi moja ndefu, misuli yote ikalegea, ule mguu wa mbele ambao tulikuwa tunaupigania ukalala kwenye mkono wangu. Hapohapo alikula pia, wali wetu uleule aliokuwa ameukataa siku mbili.

Uamuzi ukabadilika palepale. Popi arudi godauni, awe analetwa kila wiki na Mzee mwenyewe, kikundi kilipe bajaji ya mtu mmoja anayekubali kupakia mbwa, mchana afungwe ndani ya fensi madume yasimfikie. Tukampa Mzee glavu na maelekezo ya mkojo na kinyesi cha hizo siku za dawa, manake mabaki ya dawa yanatoka humo, na yule karani alikuwa mjamzito asisogee kabisa. Dozi tano uvimbe ukaisha. Chanjo ya kichaa na kufunga kizazi vikasogezwa mbele mpaka damu yake itengemae.

## Mtoto

Kabla hajatengemaa, akang'ata. Mtoto wa darasa la pili alipenyeza mkono chini ya geti kuchukua mpira, mpira ulikuwa umesimama pembeni ya bakuli, Popi alikuwa anakula. Aling'atwa mkononi, jeraha la meno mawili.

Kilichofanyika vizuri ni dakika zile za mwanzo. Mzee alimbeba mtoto mpaka bombani akauosha mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka, akaosha, akaosha, ndivyo inavyotakiwa, dakika 15 sio kunawa juujuu, kisha mama akampeleka hospitali akaanzishiwa chanjo siku hiyohiyo. Hakuna kupaka mafuta ya taa, hakuna kusubiri tuone. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na maambukizi ya watu asilimia 99 yanatoka kwa mbwa, kwahiyo hofu ya yule mama ilikuwa ya haki na mtu asije akaidharau.

Jioni watu wakajaa getini na mawe. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaitwa, na afisa mifugo wa kata naye akaitwa. Wengi walitaka mbwa auawe usiku uleule. Afisa mifugo ndiye aliyeokoa hali, na aliwaokoa pande zote mbili, manake aliwaeleza kwa lugha ya kawaida kwamba virusi vinaingia kwenye mate siku chache tu kabla mbwa hajaumwa mwenyewe, kwahiyo mbwa aliyeng'ata mkimfunga mkamwangalia siku 10 akabaki mzima, mnajua alipong'ata hakuwa na kichaa. Mkimuua leo mkamtupa mmetupa na jibu la mtoto. Mama wa mtoto ndiye aliyesema wa kwanza, "Basi afungwe, mimi nataka hilo jibu."

Akafungwa kwa mnyororo ndani ya fensi. Afisa akawa anapita kumwangalia, Mzee anaandika kwenye daftari kila siku amekula, amekunywa, ametembea sawa. Siku ya 10 Popi mzima. Daktari wa hospitali akasitisha sindano zilizobaki, mtoto salama.

## Nyumba nzuri

Hapo ndipo kikundi kikafanya uamuzi mkubwa, Popi atafutiwe nyumba. Walikuwa na hoja tatu. Mtaa una hasira na usiku wowote mtu anaweza kumtupia sumu. Godauni lina watoto mlangoni. Tatu, kulikuwa na familia nje ya mji yenye uwanja mkubwa, fensi ya matofali, chakula cha madukani, daktari wa kuwatembelea, watu wema kabisa na hili nalisema kwa dhati. Ukiangalia kwenye orodha kila kiboksi kinawekewa tiki.

Wakamfuata Mzee. "Shikamoo mzee wetu, tumempatia Popi nyumba nzuri, unaonaje?" Akajibu, "Haya wanangu, nyie ndio mnaojua." Wakaandika mlinzi amekubali. Popi akaondoka kwenye gari siku ya Jumamosi.

Familia ile ilituma video. Popi kalala kwenye pembe ya uwanja, bakuli limejaa halijaguswa. Mama wa nyumba akawa anaeleza kitu kimoja kila siku, mchana mbwa katulia tu kama hayupo, ikifika jioni anaanza kuzunguka kwenye geti, saa kumi na mbili kamili analia, analia mpaka usiku mkubwa. Kikundi kikajibu mpeni muda, mbwa wote wanalia mwanzoni. Ushauri wenyewe sio mbaya, mbwa wengi wanaohamishwa wanahitaji siku za kuzoea. Ila hakuna aliyejiuliza kwanini saa kumi na mbili. Ni saa ya shifti. Ni saa ambayo Mzee anatoka chumbani na tochi, anafungua mnyororo, anamwita jina.

Popi akaanza kuchimba chini ya fensi mpaka kucha zikatoka damu. Uzito ukashuka vibaya, na kwa mbwa aliyetoka juzi kwenye dawa ya saratani hiyo sio hali ya kuchezea.

Huku godauni nako mambo hayakuwa sawa. Karani anasema Mzee aliacha kupika jioni, akawa anakula mkate na chai kibandani, na kila mtu wa kikundi akipita anaomba aone picha kwenye simu, anaiangalia, anarudisha simu bila neno. Wiki hiyohiyo yakaibiwa mabati usiku, fensi ya nyuma ilikatwa na hakuna aliyebweka. Bosi ndiye aliyepiga simu kikundi kutaka mbwa arudi, na hakuzunguka, alisema nimepata hasara na mlinzi wangu anaumwa na hasemi anaumwa nini.

## Matokeo

Popi alirudishwa na familia yenyewe kwa gari lao. Safari hii kabla hajashuka kulikuwa na kikao, na mwenyekiti wa mtaa akakisimamia. Makubaliano yakaandikwa. Bosi akasaini kama mmiliki, Mzee kama mtunzaji, kwahiyo sasa Popi ana watu wanaowajibika. Chanjo ya kichaa akachomwa wiki hiyo, kizazi akafungwa alipopata uzito, kola akavalishwa. Chini ya geti kukachomelewa bati mkono wa mtoto usipite. Bakuli likahamishwa nyuma ya kibanda. Saa za shule, kwenda na kurudi, yuko kwenye mnyororo mrefu kivulini. Mama wa mtoto alikubali akiwa na sharti moja, aonyeshwe kadi ya chanjo kwa macho yake kila mwaka, na anaonyeshwa.

Hajang'ata tena. Uvimbe haujarudi. Uzito wake wa zamani ameurudia akiwa getini, anakula ugali na dagaa.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni pamoja na vitu ambavyo kwenye vitabu vya matibabu vinapewa mstari mmoja. Uhusiano wa Popi na Mzee ulikuwa sehemu ya tiba, na nasema hivyo kama mtu niliyekuwa nimeshika ule mguu. Bila mlinzi tungehitaji dawa ya usingizi kila wiki, juu ya vinkristini, kwa mbwa asiyekula. Mwaka 2015 watafiti wa Japani wakiongozwa na Miho Nagasawa walionyesha kwamba mbwa na mtu wake wakitazamana, homoni ya oksitosini inapanda kwa wote wawili, ileile inayohusika kati ya mama na mtoto mchanga, na mbwa mwitu (wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza) waliolelewa na watu hawakuonyesha hiyo kitu. Mzee hajausikia huo utafiti, ila kiganja chake kilikuwa kinakwenda kwenye jicho bila kuambiwa na mtu.

Kingine kilichofanya kazi ni afisa wa serikali kuongea na watu wenye mawe kana kwamba wana akili, kwa sababu wanazo. Hakuwakemea kwamba ni wakatili. Aliwapa sababu inayomlinda mtoto wao, na sababu hiyohiyo ikamlinda mbwa.

Kilichoshindikana kwanza ni chanjo. Kuisogeza mpaka dawa ziishe ilikuwa na hoja, mwili uliochoka huenda usijibu chanjo vizuri. Lakini chanjo ya kichaa ina virusi vilivyokufa, haiwezi kumpa mbwa ugonjwa, na kwenye mtaa wenye watoto bora uchome siku ya kwanza kabla ya dozi yoyote alafu urudie baadaye, kuliko kukaa wiki zote zile na mbwa asiye na kinga. Kliniki sasa inafanya hivo.

Kikubwa kilichoshindikana ni lile swali la "unaonaje". Tuangalie nani anauliza nani. Vijana wenye gari, wanaojua kuongea na daktari, waliolipa bili ya matibabu ambayo yeye asingeweza kuilipa hata kwa mshahara wa miezi. Anayeulizwa ni mlinzi wa mkataba ambaye mtaa mzima wiki ile umemnyooshea kidole. Huyo mtu atasema hapana kwa njia gani? Baadaye aliniambia, "Mimi niliona wana gari na wana daktari, nikasema labda ndio Mungu kampangia." Kwa mila zetu mtu mzima aliyetendewa wema hawezi kusimama kudai kitu ambacho wenye wema wameshakiamua, atanyamaza kwa heshima, na ule unyamavu ukasomwa kama ridhaa. Swali la kumuuliza lilikuwa lingine kabisa: Mzee, tukitaka Popi abaki hapa na mtoto yeyote asidhurike, tufanye nini? Bati la chini ya geti lilikuwa wazo lake. Alikuwa nalo tangu siku mtoto alipong'atwa, hakuna aliyemuuliza.

Na kikundi kilipima nyumba kwa vitu, uwanja, ukuta, chakula, na mlinzi maskini akaonekana ni kituo cha mpito tu kabla mbwa hajafika kwa "mwenyewe". Nimeshaona wanaookoa wengi wakifikiri hivi, kwamba mbwa wa mtu asiye na kitu hana mwenyewe bado. Popi alikuwa na mwenyewe miaka kadhaa. Alikosa karatasi, bati moja na sindano moja, na vyote vitatu gharama yake haikufika hata nusu ya mafuta na chakula kilichotumika kumpeleka kule na kumrudisha.

Simaanishi mbwa wasihamishwe. Anayepigwa ahamishwe, anayefungwa juani bila maji ahamishwe, na wapo wengi wanaozoea nyumba mpya wakanenepa. Ila kabla ya gari kuja, mtu akae pale getini jioni moja aangalie mbwa anamfuata nani kwa macho.

Suala ambalo halijaisha ni la mbele. Mzee karibu anamaliza kazi anarudi Kondoa. Mwaka jana alipoenda likizo tulijaribu mpango, mlinzi wa zamu aliletwa mapema akakaa na Mzee shifti nzima nzima, akampa Popi chakula mbele ya Mzee, akafundishwa kusema "baki", na shati la Mzee likaachwa kwenye tairi. Popi alikosa chakula usiku mmoja tu, wa pili akala. Kwahiyo kubaki godauni anaweza, akiandaliwa. Lakini safari hii Mzee ameulizwa vizuri na amejibu vizuri, anataka kuondoka naye. Mabasi hayampakii, kuna dereva wa lori la vitunguu anayerudi Kondoa tupu ambaye amekubali, kreti la mbao fundi ameshaanza kulipima, afisa mifugo ameshasema kibali cha kusafirisha atakiandika akiona kadi ya chanjo iko hai. Kadi inaisha muda mwezi ujao, tumeshapanga siku ya kumchoma.